Kilima Nilichowajengea Shimoni

Siku ile pale Shimoni tulikuwepo hawa. Nilikuwepo mimi ninayeandika. Alikuwepo binti yangu wa mwisho, mwaka ule akisoma darasa la saba. Alikuwepo mama mkwe wangu, aliyemzaa mume wangu, ambaye tulikaa naye nyumba moja tangu mzee wake afariki. Alikuwepo mtoto wa shemeji yangu, kijana fundi baiskeli, ambaye kwetu ni mwanangu vilevile, maana baba yake na mume wangu walinyonya ziwa moja. Alikuwepo kijana wa dukani, mtoto wa pili wa mwenye duka kule Majengo tulikokuwa tukinunua chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Huyo ndiye mwenye baiskeli. Baba yake hakuwepo mwanzo, alikuja baadaye na pikapu yake. Na walikuwepo vijana sita wa mtaa mwingine waliokuja kushindana na wa kwetu, wafyatua matofali wawili, na wapita njia ambao wakisikia watoto wanapiga kelele lazima wasimame. Mume wangu hakuwepo. Alikuwa bondeni Milepa kwenye shamba letu la mahindi, habari akaja kuikuta imepoa.

Majina yao yote ninayo. Shule niliishia darasa la nne, lakini jina likiingia kichwani mwangu halitoki. Hata mbwa wa wafyatua matofali nakumbuka alivyokuwa akiitwa. Siyaandiki kwa sababu wengi wako hai, wana wajukuu, na jambo hili halikuwapendeza wote. Nitawataja kwa udugu wao. Mwenye kujijua atajijua.

Nimeanza kuandika kwa sababu ya mjukuu. Juzi alinionyesha kwenye simu watu wazima, wana ndevu, wanaruka vilima vya udongo kwa baiskeli zile ndogo za BMX, wanazizungusha hewani kama mtu anayepindua chapati, na umati unawashangilia. Nikamwambia, mbona haya yalikuwa nyuma ya choo chetu. Akacheka mpaka simu ikamwanguka. "Bibi, acha fiksi." Nikamwambia lete daftari.

Shimo lenyewe lilichimbwa na wafyatua matofali. Walikuwa wakitoa udongo mwekundu, wanafyatua, wanachoma tanuri, wanauza, wanahamia pembeni kidogo wanachimba tena. Miaka ilivyokwenda likawa shimo pana kama uwanja wa kanisa, limeinuka huku, limebonyea kule, na mikaratusi upande wa juu. Mvua ikinyesha bata wanaogelea. Kiangazi kikija, sakafu yake inakauka inakuwa ngumu kama ya nyumba. Hapo ndipo watoto walipopapenda. Mimi nilidhani wanacheza gololi.

Siku niliyojua, nilikuwa uani napepeta ulezi, uso nimeuelekeza upepo unakotoka. Nikaona tairi angani. Naandika nilichokiona: tairi, juu ya ukingo wa shimo, linazunguka peke yake, halafu likazama. Nikadhani macho. Nikapepeta. Likatokea tena, safari hii na usukani, na mikono imeshika usukani, na nyuma ya mikono sketi ya shule ya bluu niliyoishona mimi mwenyewe kiunoni kwa uzi mweupe kwa sababu wa bluu ulikwisha. Ule uzi mweupe niliuona. Ungo ukanitoka, ulezi wote chini, kuku wakanishukuru.

Nilifika ukingoni sina kiatu kimoja.

"Shuka!" nikapiga kelele.

Alishashuka zamani. Amesimama chini, baiskeli kati ya miguu, vumbi mpaka kwenye kope.

"Ulikuwa unafanya nini kule juu?"

"Napita tu, mama."

"Unapita hewani?"

Vijana wakaangua kicheko, wengine wakalala chini kabisa. Kijana wa dukani ndiye aliyekuwa na adabu. Akaja mbio, akaniamkia, "Shikamoo mama," akasema baiskeli ni yake na kosa ni lake. Nikamwitikia marahaba huku natafuta fimbo. Mtoto wa shemeji yangu alikuwa amejificha nyuma ya tanuri. Yeye alikuwa na BMX yake pia, ya kujitengenezea: alichukua baiskeli kubwa ya kizee, akaikata fremu, akaichomelea upya ikawa fupi, akatia matairi ya baiskeli ya mtoto. Ilikuwa nzito kama kitanda. Wenzake waliiita hivyo hivyo, Kitanda, na wakimwona anakuja wanamwuliza, "Mshikaji, umeamka?"

Ya kijana wa dukani ndiyo ilikuwa BMX yenyewe. Baba yake aliitoa mbali alikokwenda kufuata mali ya duka. Nyekundu, ndogo, tairi za meno, nyuma imetokeza vyuma viwili vya mtu kusimamia. Mji mzima wa Sumbawanga siku hizo sidhani kama zilikuwepo zaidi ya tatu. Kwa hiyo waliruka kwa zamu, na binti yangu alipewa zamu kwa sababu moja tu: alikuwa anaruka juu kuliko wote, na mtoto wa kiume akiona hivyo mara ya kwanza anataka aone tena kama ni kweli.

Nilimchapa siku ile. Kesho yake akaruka. Nikamchapa, akaruka. Mama mkwe wangu akaniambia, "Utachoka wewe kwanza." Kweli nilichoka.

Sasa lazima nieleze kitu kwa wasiokuwa wa huku. Kwetu Ufipa mtu asiyejua kutengeneza intumba hajawa mkulima. Ni hivi. Mvua ikiwa imekolea na majani yako marefu, unakata udongo na majani yake kwa jembe, unageuza, unapanga duara majani yakiangalia ndani, unapandisha mpaka kiunoni, juu unafunika udongo mtupu. Ukipenda unatia maharage juu. Ndani majani yanaoza polepole, na msimu unaofuata unalitawanya lile tuta, unakuta udongo mweusi laini, unasia ulezi. Shamba lenye intumba zimepangwa vizuri ukilitazama kwa mbali ni kama mgongo wa mnyama. Mama zetu walifanya hivyo, na mama zao. Mimi mikono yangu haijui kurundika udongo kwa namna nyingine.

Masika ya mwaka huo mvua ilikiyeyusha kile kilima chao cha kurukia. Asubuhi moja naenda shambani, shamba lenyewe ni pale pale juu ya Shimo, nahesabu intumba zangu, naona saba hazipo. Zimekatwa chini kama mtu amenyolewa. Njia ya toroli imeelekea Shimoni. Nikaifuata. Nawakuta wanapigilia udongo wangu kwa sepetu, na maharage yangu yamechipua ubavuni mwa kilima.

"Nani kawatuma?" nikauliza.

Mtoto wa shemeji akasema, "Mama mkubwa, udongo wako ndio unashika."

Hebu fikiria, mwizi anasifu alichoiba. Nilirusha jembe, likapita juu ya kichwa chake, likaingia kwenye dimbwi. Lakini binti yangu akaja akapiga magoti kwenye matope, mtoto ambaye kupiga magoti kulikuwa kunampa shida hata kanisani. Akasema, "Mama, tukichimba chini tutapata udongo wa mfinyanzi unaoteleza. Tusaidie. Wewe ndiye unayejua kusimamisha udongo."

Hapo aliniweza. Nikasema intumba zangu msiguse tena hata moja, mimi nitawajengea kilima chenu. Na njia ya shambani msipite, mtazunguka kwa mikaratusi. Wakaapa.

Nilijenga siku mbili. Wao walikata na kubeba, mimi nilipanga. Nilikata majani marefu ya pembeni ya Shimo pamoja na udongo wake, nikapanga duara, majani ndani, majani ndani, mpaka kikanifika kifuani. Upande mmoja nikaulaza uwe wa kupandia, upande wa pili nikaukata wima kama walivyonielekeza. Juu nikapaka udongo mwekundu uliolowa, nikaulainisha kwa kiganja, kama ukuta wa jikoni. Sijawahi kujenga kitu kizuri namna ile. Wafyatua matofali walikuja kutazama, wakatikisa vichwa kwa kusifu.

Mama mkwe wangu alipita na fimbo yake. Akakizunguka.

"Hii intumba kubwa. Utatia nini, maharage?"

"Natia watoto, mama."

"Haya. Kikiiva, utavuna nini?"

Tukacheka wote, na yeye akacheka na ufizi wake. Neno lile alilisema mbele yangu, na mimi ndiye niliyecheka kwa sauti.

Kuanzia hapo nilikuwa mtu wa Shimoni. Nisijidai kwamba nilikuwa nafukuza watoto. Kazi ikiisha nilikaa ukingoni na kikapu changu cha maharage ya kupukuchua, nikatazama. Nilijua nani anaogopa na anajifanya cheni imetoka. Nilijua sauti ya kutua vizuri, tairi zote mbili pamoja, *tupu*, na ya kutua vibaya. Wakati binti yangu anakuja, wenzake walikuwa wanapiga kelele, "Achia! Achia!", maana yake achia breki, na moyo wangu ulikuwa unasimama mpaka nisikie *tupu*. Kila siku ulisimama. Mtu hazoei.

Mvua zikaisha. Upepo wa mwezi wa sita ukaja, ule wa kutoka milimani, unaokausha nguo kabla hujazianika. Kilima kikakauka. Kwa nje kilikuwa kama chungu kilichochomwa; ukigonga kinalia.

Shule zilipofungwa, habari ikaja kwamba vijana wa mtaa mwingine wana BMX yao na wanataka kushindana. Siku iliyopangwa ni Jumapili baada ya misa. Jumamosi yake jioni nikasikia kelele Shimoni, nikaenda. Kijana wa dukani alikuwa amemnyima binti yangu baiskeli. Alikuwa anajikunyata kwa aibu, maana si mtoto mbaya.

"Kesho ntaruka mimi tu," akasema. "Wale wakiona msichana ananishinda kwa baiskeli yangu, mtaani ntapita wapi?"

"Utapita chini," binti yangu akamjibu, "kama unavyopitaga."

Wakacheka. Yule kijana uso ukamwiva. Binti yangu, kwa mdomo wake aliourithi kwangu, akaongeza mbele ya wote: "Kesho utaanguka. Na mimi ntakaa pale juu nikutazame."

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya misa, nikampa binti jembe akachimbe viazi vitamu vya mchana. Bustani ya viazi iko ng'ambo ya Shimo. Akaenda, akarudi na viazi, tukavipika. Nimelieleza hili la jembe mapema mlijue, kama nilivyolijua mimi.

Mchana watu wakajaa. Wale sita wa mtaa mwingine waliruka kwanza, mmoja mmoja, na nakiri walikuwa wazuri. Mtoto wa shemeji akaruka na Kitanda chake, wakamshangilia kwa sababu hakufa. Binti yangu alikaa ukingoni kama alivyoahidi, mikono imefumbatwa. Kijana wa dukani akajisogeza mbali kabisa, mpaka kwenye mikaratusi, amevaa shati jeupe la kola. Akaja. Sijawahi kumwona anakuja kwa kasi ile. "Achia! Achia!"

Alifika juu ya kilima, na kilima kikafunguka.

Sina neno jingine. Ile ncha ya juu ilibonyea ndani kama ukoko wa ugali ukiugusa kwa mwiko, tairi la mbele likazama lote, baiskeli ikasimama, na yeye akaendelea peke yake. Shati jeupe lilipita angani na mikono imetandazwa. Halafu nikasikia mlio ambao haukuwa *tupu*.

Nilikuwa nimesimama, na maharage yote yako miguuni. Hakuna aliyesogea. Mbwa wa wafyatua matofali ndiye aliyekwenda kwanza.

Kijana alikuwa amelala, macho yamefumba, na mkono wake umepinda mahali ambapo mkono hauna kiungo. Mfyatua matofali mmoja alimmwagia maji. Akafumbua macho. Akauliza, "Nimevuka?"

Wapo waliocheka kwa hofu. Mmoja wa wale sita akachukua baiskeli yao akakimbia Majengo kumwita baba yake. Na tulipokuwa tunasubiri, ndipo yakaanza.

"Si huyu dada jana alisema ataanguka?"

"Alisema. Sote tulisikia."

"Asubuhi mimi nimemwona hapa," akasema kijana mwingine, na sitamtaja hata kwa udugu. "Ana jembe."

Watu wakageuka wakamtazama binti yangu. Alikuwa ameshashuka, amepiga magoti kwa yule kijana, anampepea kwa daftari. Mama mmoja mpita njia akasema polepole, lile neno la uchawi ambalo watu wa mbali wanatupaka nalo sisi wa Sumbawanga kila wakitaka kucheka. Alisema mtoto wa kike anaruka vile, anatabiri vile, na linatokea vile, hicho si kitu cha hivi hivi. Nikaona watu wawili wanarudi nyuma hatua moja. Hatua moja tu. Mimi nimeishi hapa maisha yangu yote, najua binti akirudiwa nyuma hatua moja akiwa na miaka kumi na nne, hiyo hatua inamfuata mpaka kwenye ndoa yake, mpaka kwa watoto wake.

Pikapu ikaja. Mwenye duka akashuka, kofia mkononi. Alimtazama mwanawe, akamgusa paji la uso, akawaambia wamwinue taratibu wamlaze nyuma kwenye magunia. Alikuwa mtu mpole sana dukani, anakupimia mchele mpaka unamwagika. Sasa kofia alikuwa ameikunja kama kitambaa. Wakamwambia la jana, wakamwambia la jembe. Akamwendea binti yangu.

"Binti, ulichimba nini pale?"

Binti yangu alinitazama mimi.

Na mimi, mama yake, niliyempa jembe kwa mkono wangu, ambaye viazi vyenyewe vilikuwa bado tumboni mwangu, nikasema: "Ulifanya nini?"

Niliona uso wake. Nimezika mume, nimezika watoto wawili, na uso ule ndio nauona nikifumba macho.

Aliyetuokoa ni fimbo ya mama mkwe wangu. Yeye hakuwa anasikiliza maneno. Masikio yake yalikuwa mazito. Alikuwa amepanda kile kilima kilichobomoka, anachokoa ndani kwa fimbo kama anayetafuta panya. Akainama, akatia mkono mpaka kwenye bega, akautoa umejaa kitu cheusi. Akakinusa. Akakisaga kwa vidole.

"Njoo uone," akaniita, na furaha ipo kwenye sauti yake. "Kimeiva."

Nikapanda. Nikatazama ndani ya lile tundu. Chini ya ule ukoko mwekundu niliokuwa nimeulainisha kwa kiganja hapakuwa na kitu. Majani yote niliyopanga yalikuwa yameoza, yameshuka, yamekuwa udongo mweusi wa ulezi, yakaacha pango. Lilikuwa bado na joto. Mvuke wake ukanipiga usoni, harufu ya shamba jema. Watoto walikuwa wakirukia chungu kitupu mwezi mzima. Binti yangu ameruka pale mara ngapi? Nikakaa palepale juu.

Nakubali kwamba nilifikiri. Haikuwa muda mrefu, lakini nilifikiri. Pikapu inanguruma, mtoto wa mtu ana mkono uliovunjika, na mwenye duka ni mtu mwenye sauti mjini. Hakuna aliyejua zaidi ya mimi na mama mkwe, na mama mkwe yeye alikuwa anawaza bustani. Kisha nikamwona binti yangu pale chini. Alikuwa ameacha kunitazama.

"Baba," nikamwambia mwenye duka. "Hajachimba mtu. Hiki kilima nilijenga mimi. Nilitia majani ndani. Majani yameoza."

Akaja mpaka chini ya kilima. "Majani?"

"Majani."

"Mama, mtu anajenga kitu cha kukanyagwa na baiskeli, anatia majani? Kwa nini?"

Nilifungua mikono yangu nikamwonyesha, kana kwamba jibu limeandikwa kwenye viganja.

Ndipo mfyatua matofali mmoja, mzee kuliko mwenzake, akakohoa. "Mzee, hata mimi ningetia majani."

"Na mimi," akasema mwenzake. "Udongo bila majani utasimamaje?"

"Na mimi," akasema yule mama mpita njia, yule yule.

Mwenye duka akatutazama mmoja mmoja. Yeye na baba zake ni watu wa duka na wa magari, kulima hawakulima. Alikuwa ameshangaa kama mtu aliyeingia nyumba ya watu akakuta wote wanalala miguu juu. Mwisho akasema, "Nyie mtaua watu na kilimo chenu," akaingia kwenye pikapu. Kutoka nyuma, kwenye magunia, sauti ya mwanawe ikasikika: "Baba, baiskeli!" Mtoto wa shemeji akaibeba mbio akaitupia ndani.

Juma lile mimi na mama mkwe tulikwenda Majengo kuomba radhi, na jogoo na unga wa ulezi. Binti tulimchukua. Mke wa mwenye duka alitupokea vizuri, akatupa chai ya maziwa yenye tangawizi. Kijana alikuwa kwenye mkeka, mkono umefungwa plasta, amekwisha kuchorwa picha za BMX plasta yote. Mwenye duka alipoingia, hakuanza na mimi. Alisimama mbele ya binti yangu, mtu mzima yule, akasema, "Mwanangu, nilikuuliza swali baya mbele za watu. Nisamehe." Binti akasema hakuna neno, baba.

Mimi nilikuwa nimekaa pale, kikombe mkononi. Nilikuwa na swali lile lile, na nilikuwa na nafasi ile ile. Nikanywa chai.

Kilima hakikupotea. Mama mkwe alibeba ule udongo mweusi beseni kwa beseni mpaka bustanini, na maboga ya mwaka ule watu waliyaulizia. Wafyatua matofali waliwajengea watoto kingine, cha udongo mtupu na matofali mabovu katikati. Kijana wa dukani, plasta shingoni, alimpa binti yangu baiskeli mbele ya wale wale sita. "Ruka wewe," akamwambia, "mimi ntapiga kelele." Akaruka. Zamani alikuwa akitua ananitafuta kwa macho ukingoni. Siku ile alitua akaendelea mpaka kwenye mikaratusi, hakugeuka.

Alifaulu, akaenda shule ya bweni upande wa Kate, akarudi mrefu, akaolewa, ana watoto. Hakuna aliyemrudia nyuma hatua. Shimo limefukiwa, pana nyumba ya bati la rangi. Ananipigia simu kila Jumapili, ananitumia sukari, na jambo hili hatujawahi kulizungumza.

Nimeandika kama ninavyokumbuka, na mimi ni mzee. Mtoto wa shemeji, kama Kitanda kilikuwa na breki ya mbele, niambie, mimi nimekumbuka hakikuwa nayo kabisa. Wa dukani, kama shati lako halikuwa jeupe, nisahihishe. Wafyatua matofali, kama mlisema maneno yale kwa kunihurumia tu, semeni. Lakini nawe binti yangu, mjukuu atakusomea haya kwenye simu, nina kimoja ninachotaka unisahihishe wewe, asiwe mwingine. Lile "Ulifanya nini?", mimi nakumbuka nilikuuliza mara moja. Bibi yako, kabla hajafa, masikio yale mazito, aliniambia nilikuuliza mara mbili.